Njia ya Waenda kwa Miguu ni ya Nani?

Baraza la mji linapopitia mpango wa kujenga upya katikati ya mji, wengi wetu husikia habari za maghorofa, maduka na maegesho. Ndani ya mpango huo huo kuna jambo linalotugusa kila siku: njia ya waenda kwa miguu. Itakuwa na upana gani? Kwenye makutano ya barabara kutakuwa na mteremko wa kushukia? Ujenzi ukiendelea, mwenye kiti cha magurudumu atapita wapi?

Huonekana ni maswali ya mafundi, lakini chini yake lipo swali la haki: je, ni sawa fedha na nafasi ya wote vitumike kwa ajili ya wachache?

Hoja hiyo tusiidharau. Miongoni mwetu wapo wenye migahawa wanaotamani kuweka meza nje. Wanalipa kodi, wanasomesha watoto, na meza isiyowekwa ni kipato kilichopotea.

Lakini hao wachache ni akina nani? Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi humruhusu mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga arudi nyumbani, tukimsisitiza atembee kidogo kila siku. Anatoka na fremu yake ya kutembelea, anakuta njia imezibwa na ubao wa matangazo. Ashuke barabarani kwenye magari, au arudi ndani. Mama mwenye kigari cha mtoto anakwama hapo hapo. Vivyo hivyo bibi aliyekuja kuishi na wanawe, asiye na gari wala leseni, anayetegemea miguu yake na basi. Wazee wetu walisema kabla hujafa hujaumbika.

Hata hivyo, haki isisimame juu ya hesabu ya vichwa tu. Tupime hasara yenyewe. Mwenye mgahawa akikosa futi mbili, anapungukiwa. Mwenye kiti cha magurudumu akikosa futi hizo hizo, hafiki benki, hafiki kliniki, hafiki hata kwenye mgahawa huo. Hasara hizi mbili si sawa, na mji unaozipima kana kwamba ni sawa haujatenda haki.

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilitiwa saini Julai 26, 1990. Vipimo vyake vinataka njia ya kupita isipungue inchi 36, na mteremko mpya wa makutano uwe na urefu wa inchi 12 kwa kila inchi moja ya kupanda. Mji wa Sacramento, California, uliwahi kudai mahakamani kwamba njia za miguu si huduma inayoguswa na sheria hiyo. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilikataa dai hilo. Baadaye mji ulikubali kutenga asilimia 20 ya mfuko wake wa uchukuzi kila mwaka, kwa muda wa hadi miaka 30, kurekebisha njia hizo. Waliokwenda mahakamani hawakuomba msaada. Walidai kilicho chao.

Basi tusiwaachie wengine kazi hii. Katika vikao vya hadhara mkazi hutoa maoni bila kuulizwa uraia, na anayehitaji mkalimani aombe mapema. Tuulize: meza zikiwekwa, nafasi inayobaki ni inchi ngapi? Ujenzi ukifunga njia, ya muda iko wapi? Nani atasafisha theluji kwenye miteremko?

Na haki hiyo inatudai sisi pia. Jumapili tunapoegesha magari, tuache njia wazi. Jirani mwenye fimbo nyeupe anapita hapo kabla ya ibada yetu na baada yake.