Skuli ya Udongo na Amana ya Wanakijiji

Mwanafunzi wa usanifu majengo anapopewa kazi ya kusanifu skuli ya msingi ya umma, huanza kwa kuuliza juu ya kiwanja, idadi ya madarasa na fedha zilizopo. Maswali hayo ni ya lazima. Lipo jengine, hata hivyo, ambalo huyatangulia yote na halina mahala pake katika karatasi ya mchoro: anasanifu kwa idhini ya nani? Mtoto atakayesoma humo hakumtuma, wala hana umri wa kukubali au kukataa. Na msanifu mwenyewe bado ni mwanagenzi. Mwanagenzi wa useremala akiharibu ubao, hutupwa ukachukuliwa mwengine. Mwanagenzi wa ushairi akivunja mizani, ubeti huchanwa ukatungwa upya. Kosa la msanifu wa skuli husimama juu ya ardhi, na vizazi vya watoto hukaa ndani yake kwa jua na kwa mvua. Je, ni haki mtu kujifunzia kazi juu ya watoto wa watu?

Swali hili lilipata jibu la vitendo katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré, aliyezaliwa huko mwaka 1965, alikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji hicho kupelekwa skuli. Na kwa kuwa Gando haikuwapo hata moja, alipelekwa mji wa Tenkodogo akiwa na umri wa miaka saba. Darasa alilolikuta huko lilikuwa na giza na joto, na watoto wamebanana. Baadaye alijifunza useremala, akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani mwaka 1985, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusoma usanifu majengo. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha pamoja na wenzake jumuiya ya kuchangisha fedha. Na kufikia mwaka 2001 skuli ya madarasa matatu ilikuwa imesimama Gando. Shahada yake aliipata mwaka 2004, mwaka uleule skuli hiyo ilipotunukiwa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mnamo 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker.

Kéré amesimulia kwamba alipokuwa mtoto, kila likizo ilipomalizika wanawake wa kijiji walimjia mmoja mmoja, wakafungua pindo za nguo zao na kumpa sarafu yao ya mwisho. Hawakumkopesha, maana hakuna aliyetaja siku ya kulipa. Wala haikuwa sadaka, maana wahitaji walikuwa wao. Kwa lugha ya watu wa pwani, kilichopita pale ni amana. Tofauti baina ya amana na hisani si ndogo. Mwenye kufanya hisani huchagua atoe nini, kiasi gani na kwa sura gani. Apokeaye hubakiwa na kushukuru tu. Mwenye kushika amana hana uchaguzi huo. Kilicho mkononi mwake ni cha mwengine, na mwenyewe ana haki ya kuuliza kimefika wapi.

Na wenyewe waliuliza. Kéré aliporudi na kusema kwamba skuli itajengwa kwa udongo, wanakijiji walishangaa. Aliyekwenda Ulaya kusoma alitarajiwa arudi na saruji na vioo. Tena wao walikuwa wakiujua udongo kwa maisha yao yote: nyumba zao ni za udongo, na kila msimu wa mvua huwadai kuzikarabati. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Msomi angeweza kusema kwamba watu hao wametawaliwa fikra, na wanadharau kilicho chao. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, lakini ni maneno ya kibri, kwani pingamizi lao lilikuwa na ushahidi. Aliyeuona ukuta ukiyeyuka hahitaji kuambiwa kuwa mwacha asili ni mtumwa. Anahitaji kuoneshwa ukuta usioyeyuka. Kéré alichagua njia hiyo. Alijenga tao la majaribio kwa matofali ya udongo, kisha akalipanda mbele ya watu na kurukaruka juu yake. Tao lilistahimili. Lau lingalivunjika, kijiji kingalikuwa na haki ya kukataa, na msanifu asingalikuwa na la kujibu. Idhini ya kweli ndiyo hiyo: ile ambayo ingaliweza kunyimwa.

Udongo wenyewe haukuachwa ulivyo. Ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali. Juu ya madarasa iliwekwa dari ya matofali yayo hayo, yenye nafasi za kupitisha hewa; na juu ya dari, kwa kuachana nayo, likainuliwa paa la mabati lililobebwa na nondo zilizochomelewa pale pale kijijini. Hewa ya moto hupanda na kutoka kupitia darini, upepo upitao baina ya dari na paa huichukua, na ukingo mpana wa paa huzikinga kuta na mvua. Chumba hupoa bila ya mtambo wowote wa umeme. Watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake wakaleta maji na kushindilia sakafu, vijana wakajifunza kufyatua matofali na kuchomelea vyuma.

Itasemwa kwamba Kéré alikuwa mtoto wa nyumbani, tena mtoto wa mkuu wa kijiji, na kwamba mlango aliofunguliwa yeye haufunguliwi kila mtu. Mgeni afanyeje? Anna Heringer, Mjerumani, alifika Bangladesh kwa mara ya kwanza mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 19, akakaa vijijini karibu mwaka mzima kabla ya kusanifu chochote. Alipomaliza masomo yake huko Linz, Austria, mwaka 2004, mchoro wake wa kuhitimu ulikuwa wa skuli katika kijiji cha Rudrapur, kaskazini ya Bangladesh. Mwaka 2005 alianza kuijenga pamoja na msanifu Eike Roswag na mafundi wa huko, na mwaka 2007 nayo ikapata Tuzo ya Aga Khan. Kuta za chini ni za udongo uliochanganywa na majani makavu, na ghorofa ya juu ni ya mianzi. Desturi ya mahala hapo ilikuwa kuusimamisha ukuta wa udongo juu ya ardhi tupu, unyevu ukapanda na kuula tangu chini. Skuli hii ikawekewa msingi wa matofali na tabaka la kuzuia unyevu. Kumbe maradhi hayakuwa katika udongo, yalikuwa miguuni mwa ukuta. Mgeni aliweza kuliona hilo kwa sababu alitangulia kukaa kitako na kutazama.

Msomaji wa pwani ana mfano wake karibu. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokuwa mizani ya nyumba: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti ulivyoweza kubeba, na ndani ya mpaka huo mafundi walipata uzuri wote uliomo, kama mshairi aupatavyo ndani ya vina. Hata hivyo, mfano huu nao una onyo lake. Mikoko ikikatwa bila ya kipimo, matumbawe yakichimbwa na chokaa ikichomwa kwa kuni, ni pwani ile ile inayoliwa. Cha kienyeji si lazima kiwe endelevu, na cha kigeni si lazima kiwe kiovu. Utengenezaji wa saruji hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani; lakini saruji hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, ndiyo iliyoyapa nguvu matofali ya Gando.

Imebaki hoja nzito kuliko zote. Serikali yenye watoto wengi wasio na madarasa haiwezi kungoja kila kijiji kijengewe tao lake. Mchoro mmoja wa matofali ya saruji na mabati, ukirudiwa katika kila wilaya, una haki ndani yake: mtoto wa shamba hupata chumba kile kile cha mtoto wa mjini. Usawa huo si wa kubezwa, na mwanafunzi anayeudharau kwa kutafuta jina hajaielewa maana ya neno umma. Lakini mchoro mmoja hauwi sawa chini ya jua mbalimbali. Mvua ikinyesha juu ya mabati yasiyo na dari, sauti ya mwalimu humezwa, na mtoto aliyepewa chumba huwa hakupewa somo. Kinachostahiki kurudiwa ni kanuni: kivuli, hewa, msingi mkavu, na mikono ya wenyeji katika kazi. Kanuni hizo husafiri kwa gharama ndogo kuliko mifuko ya saruji. Gando haikuishia kwenye madarasa matatu ya mwanzo. Zilifuata nyumba za walimu mwaka 2004 na upanuzi wa skuli mwaka 2008, na waliojifunza ufundi katika jengo la kwanza walikuwa na kazi mikononi mwao.

Kwa hiyo, mwanagenzi anaruhusika kujifunzia kazi katika skuli ya watu kwa sharti moja: kwamba wenye skuli wajifunze pamoja naye, wakiwa na uwezo wa kumkatalia. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapana jengo duniani lisilopata ufa. Ubora wa mchoro hauonekani siku ya kufungua skuli, wakati msanifu yupo na wageni wanapiga picha. Huonekana miaka mingi baadaye, mvua imemega pembe ya ukuta na msanifu yuko mbali au amekufa. Siku hiyo, akiwapo kijijini mtu ajuaye kulifyatua tofali lile na kuliweka mahala pake bila ya kumwandikia barua yeyote, amana itakuwa imefika kwa wenyewe.