Maji Yaliyo Juu ya Wengine

Bwawa la plastiki, lile la kusimamishwa juu ya nyasi, likiwa na upana wa mita 4 na maji ya kina cha mita 1, linabeba zaidi ya tani 12. Na kulitunza ni kazi isiyoisha: unachota majani, unasugua kuta, unaongeza klorini manake jua huimaliza haraka. Kesho unaanza tena, na hakuna wa kukupongeza.

Sasa, siku mshono ukiachia, mwenye bwawa atasema, "Lakini mimi sikufanya kitu." Je, kutofanya kitu ni kosa?

Huku Subukia swali hilo si la mchezo. Kule jirani, Solai, usiku wa Mei 9, 2018, baada ya mvua nyingi, Bwawa la Patel lilipasuka likaua watu zaidi ya 40. Kesi tuwaachie majaji. Kinachonikaa akilini ni kwamba waliokuwa chini walilala wakiamini kuna mtu huko juu anaangalia.

Maji yenyewe hutaka kuteremka. Ukiyazuia, tayari umefanya kitu: umewaahidi walio chini yako kwamba utayalinda kila siku, hata kama hawajui jina lako. Kwa hivyo kuzembea ni kuvunja ahadi hiyo, kimya kimya.

Basi ukimaliza kusugua, kagua mishono pia. Halafu inua macho uone ni nyumba ya nani iko upande wa mteremko.