Fungueni Vioo, Mnaopita Chamwino

Ninyi mnaokwenda Ikulu kwa misafara, na wewe ndugu yangu uliyezuiwa kando ya lami mpaka wapite, nisikilizeni! Heshima ya nchi hii ugenini haikuanza na jengo lile lililozinduliwa Mei 2023. Jengo ni zuri, sikatai. Ila heshima yetu ilianza na kata ya maji aliyopewa mgeni, tena katika nchi ya ukame.

Nendeni Kongwa, kwa jirani! Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na matrekta kulima karanga. Ardhi ikawakatalia, wakaondoka na hasara yao. Kuanzia mwaka 1964 wakaja wengine, wasio na kwao: vijana wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO, SWAPO, MPLA. Jirani yao alikuwa nani? Mgogo, ambaye mvua ikikosekana hajui watoto watalala wamekula nini! Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale walikaa miaka, na jembe lao lilikuwa bunduki. Wapo waliozaa na mabinti wa pale, kisha vita ikawaita. Mama akabaki analea, na hakumpelekea mtu ankara.

Huo ndio utu, na ndio uliotupa sauti! Desemba 1965 Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa kuwa haikuwazuia walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukayeyuka. Maskini akasema hapana, na wenye nguvu wakageuza shingo kumtazama.

Tangu sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 tunahubiri diplomasia ya uchumi. Sawa, tuuze korosho, tuuze dhahabu! Lakini ole wetu tukijifunza kumpima mgeni kwa mkoba wake. Nchi hii iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, waliokimbia mwaka 1972 na vizazi vyao. Leo namsikia kijana kijiweni akitamka "mkimbizi" kama tusi. Nyamaza, mwanangu! Umoja wa Afrika ulipokifanya Kiswahili lugha yake ya kazi, mwaka 2022, ulidhani ni lugha ya watu gani?

Basi mkitoka kikaoni, waheshimiwa, msikimbilie uwanja wa ndege. Shikeni barabara ya Morogoro, Mbande mkunje kwenda Kongwa. Wapo watu wazima pale, wenye mvi sasa, ambao baba zao walikwenda kuikomboa nchi nyingine. Kaeni nao kwanza, ndipo muandike hotuba.