Machozi ya Petro

Kila Ijumaa Kuu usharika wetu huigiza Mateso ya Bwana. Mwaka mmoja Petro wetu alilia mpaka kola ya kanzu ikalowa. Baadaye alituambia kwamba jogoo alipowika, alikuwa akimkumbuka mama yake, aliyemzika kabla hajamwomba radhi. Mwaka uliofuata Petro mwingine alihesabu kimoyomoyo moja hadi tatu, akafunika uso kwa mikono, akatikisa mabega. Macho makavu kabisa! Kina mama walilia miaka yote miwili, na tukisema kweli, walilia zaidi ule wa pili.

Ubishi huu ni wa zamani. Mfaransa Denis Diderot, aliyefariki mwaka 1784, aliandika kwamba mwigizaji bora hatawaliwi na hisia. Huchunguza, huiga, na kichwa chake hubaki kimetulia. Mrusi Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alimtaka mwigizaji achote katika maisha yake mwenyewe.

Sisi tulikuwa upande wa Petro wa kwanza. Wa pili tulimwita mnafiki. Neno lililotafsiriwa “wanafiki” katika Mathayo sura ya 6 kwa Kiyunani lilikuwa jina la waigizaji wa jukwaani. Lakini tukiisoma sura hiyo polepole, Bwana hakemei ukavu wa moyo. Anakemea kutaka kutazamwa na watu. Hapo hata Petro wa kwanza ana swali la kujibu, na sisi tuliomsifu mpaka Pasaka ikapita tunalo pia.

Tunauliza kwa sababu wengi wetu husali macho makavu. Mmoja wa wazee wetu alifiwa na mwanawe, na Jumapili iliyofuata akaongoza Sala ya Bwana kama kawaida. Alikiri kwamba hakuhisi lolote. Maneno yalikuwa kama majivu kinywani. Je, alidanganya? Diderot angesema kazi ilifanyika vizuri, lakini Mungu si mtazamaji wa kuvutwa kwa ustadi. Anayetusaidia zaidi ni Stanislavski wa uzeeni, aliyekuja kuwaanzisha waigizaji wake na matendo ya mwili: tenda jambo lenyewe kwa kweli, na hisia itapata njia. Tunaona mzee yule hakuwa akituonyesha imani. Alikuwa amepiga magoti mahali ambapo moyo wake, ukirudi, ungemkuta.

Kama ulirudi, hatujamuuliza. Mwaka huu ameomba apewe sehemu ya Petro. Umri umempita sana, lakini tumempa.