Ubingwa ni Mali ya Nani?

Katikati ya mji wa Arusha, mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu Mlima Meru huonekana wote tangu shina hata kilele, upo uwanja wa michezo uitwao Sheikh Amri Abeid. Wapenzi wa kandanda hulitaja jina hilo mara nyingi bila ya kukumbuka kwamba mwenye jina hasifiwi kwa mpira. Alikuwa mshairi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere hata alipofariki mwaka 1964. Na mwaka 1954 alikuwa ametoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho wanafunzi wa lugha hawajaacha kukisoma. Si rahisi kupata uwanja mwingine wa mpira uliopewa jina la mwalimu wa vina na mizani. Sadfa hiyo yapendeza, na yamkini itafaa katika kulijibu swali hili: ubingwa ni mali ya nani?

Swali laonekana jepesi. Ligi ya taifa ya kandanda ilianza mwaka 1965, na orodha ya mabingwa wa Tanzania Bara yaenea katika ukurasa mmoja. Sunderland, waliobadili jina mwaka 1971 wakawa Simba, walitangulia. Cosmopolitan wakachukua mwaka 1967. Yanga wakatawala tangu 1968 hata 1972. Simba wakatawala tangu 1976 hata 1980. Timu za nje ya Dar es Salaam zimeingia kwa nadra: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Arusha haimo. Mgeni aisomaye orodha hiyo peke yake aweza kudhani kwamba chini ya Meru mpira haukuchezwa.

Lugha yenyewe yashuku orodha ya namna hii. Bingwa, kwa maana yake ya zamani, ni mtu aliyebobea katika kazi yake. Fundi bingwa hakumshinda fundi mwenziwe mbele ya watazamaji. Anaijua kazi, basi. Michezo imelichukua neno hilo ikalifanya kuwa jina la tukio la mwaka mmoja. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa katika msimu wao wa kwanza wa daraja la juu, na mwaka uliofuata wakashuka. Ujuzi hauji na kuondoka hivyo. Kilichokuja na kuondoka ni kitu kingine, nacho hakikuwa mikononi mwa Tukuyu peke yao.

Utazamwe msimu wa 2013/14. Timu zilikuwa 14, na kila moja ilicheza mara 26. Azam walitwaa ubingwa pasipo kushindwa hata mchezo mmoja. Msimu ule ule JKT Oljoro ya Arusha, iliyoingia ligi kuu msimu wa 2011/12, ilishuka daraja. Orodha ya mabingwa yaandika jambo la kwanza na kuliacha la pili, kana kwamba hayahusiani. Walakini lau timu zile 13 zingalibaki nyumbani, Azam wasingalishindwa vilevile, wala hapana mtu ambaye angaliwasifu. Sifa ya kutoshindwa ilitengenezwa na watu waliojaribu kuwashinda.

Mbishi atasema kwamba aliyeshindwa hakukusudia kumpa mwenziwe kitu, na zawadi isiyokusudiwa si zawadi. Hoja hii ni nzito, walakini yamgeukia msemaji wake. Mchezaji aliyeuza mchezo ndiye aliyekusudia kumpa mpinzani ushindi, naye ndiye aliyeuharibu ushindi huo usiwe na thamani. Ajabu ya mashindano ndiyo hii: mshindwa humchangia mshindi kwa kumnyima kwa nguvu zake zote. Hapa ndipo Sheikh Amri anapofaa. Kina chapendeza kwa kuwa sheria imemfungia mtunzi maneno mengine maelfu, naye amepita katika upenyo uliobaki. Beki wa Oljoro aliyeziba njia alikuwa, kwa mshambuliaji wa Azam, kama sheria ile.

Haifuati kwamba kombe likatwe vipande 14. Kombe ni la mshindi, na kumpoza aliyeshindwa kwa kumwambia kwamba wote wameshinda ni kumdharau. Kinachodaiwa ni heshima na kumbukumbu. Jedwali zima la msimu, pamoja na majina ya waliocheza, ndilo historia ya ubingwa. Jina la bingwa ni kichwa cha habari tu. Wazee wa Arusha waliocheza miaka ya 1960 na 1970 wanapungua, na mambo yao mengi wanaondoka nayo.

Wala Arusha isidhani kwamba swali hili ni faraja ya wasiopata. Filbert Bayi wa Karatu, katika mkoa huu huu, alishinda mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, aliyemaliza kwa 3:32.52, naye pia chini ya rekodi ya zamani. Kila Mtanzania alijuaye jina la kwanza anadaiwa kulijua la pili, maana Bayi alikimbia vile kwa kuwa alikuwa akifukuzwa na mtu wa namna ile.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania mojawapo, ziliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Susio lilikuwa la haki. Bayi hakukimbia. Walker alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kwa 3:39.17. Fainali za Olimpiki huwa na hila nyingi, na mara nyingi hukimbiwa polepole. Hata hivyo muda ule wa ubingwa ulizidi kwa sekunde 6 na zaidi ule ambao Walker, nyuma ya mgongo wa Bayi, alikuwa wa pili nao.