Mizani ya Ufukweni

Ndugu zangu katika imani, itazameni safu hii ya mbele. Mbajuni wa kisiwa cha Chovai yuko bega kwa bega na Msomali wa ukoo mkubwa, na hakuna aliyesogea. Tukishatoka msikitini na kuvaa viatu, huyu wa Chovai ataitwa "we Mbajuni", kana kwamba baba yake hakumpa jina.

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat tunaihifadhi sote: mbora wetu mbele ya Mola ni mchamungu zaidi. Basi nendeni ufukweni asubuhi mashua zinapoingia, mwone kama tunaitenda. Mzee wa ndevu nyeupe anateremsha kamba mawe na changu, kijana mnunuzi wa umri wa mjukuu wake anapunja mizani kwa kidole, bei anaitaja yeye, na mzee kimya. Ananyamaza kwa kuwa anakumbuka 1991, dola ya Somalia ilipoanguka na wenye bunduki wakaingia visiwani mwetu. Mashua zilichukuliwa, nyavu zikachukuliwa, watu wakakimbilia Mombasa, kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Waliorejea wakakuta wageni majumbani mwao, wengine wakawa vibarua katika bahari ya babu zao. Kisha mwaka 2000, huko Arta, Djibouti, wakubwa wakagawana viti vya bunge: koo kubwa nne kila moja fungu zima, sisi wachache wote kwa pamoja nusu fungu. Nusu! Mtu anafunga Ramadhani nzima, kwenye hesabu ya nchi ni nusu.

Subira ni ibada, lakini kunyamazia dhuluma si subira. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu, awe mdhulumiwa au dhalimu, na dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa. Wewe wa ukoo mkubwa, binamu yako akipunja mizani, mshike mkono. Wewe atakusikia, Mbajuni akisema ataambiwa mkorofi.

Nasi Wabajuni tusijitie umalaika. Nani hajamcheka Mgosha wa bonde la Juba kwa nywele zake? Sahaba Abu Dharri alimtusi mtu kwa mama yake, Mtume akamwambia ujahili ungalimo ndani yake. Huyo ni Abu Dharri, seuze mimi na wewe.

Baada ya swala ya sunna, wanaokwenda kwa wazee wa mji kudai mizani isomwe mbele ya mvuvi wabaki hapa karibu na mihirabu. Matusi hatuendi nayo. Na kina mama wachuuzi wa samaki watoe mmoja wao afuatane nasi, maana bei ya jana wanaijua wao.