Mgonjwa Mmoja

Kiswahili kina maneno mawili ya tumbo moja: ushuhuda na ushahidi. Aliyepona husimama mbele za watu akatoa ushuhuda wake, nasi humwamini kwa sababu yu hai mbele yetu. Ushahidi wa kisayansi hauridhiki naye peke yake. Huuliza ni wangapi walitumia dawa ile ile wasipone. Je, mtu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili bila kujidanganya?

Namfikiria Ralph Steinman, mzaliwa wa Montreal, Kanada. Mwaka 1973, akiwa na Zanvil Cohn katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alitangaza kuwa ameona kwenye wengu wa panya seli ya aina mpya, yenye matawi kama mti. Wakaiita seli dendriti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Seli hizo zilikuwa chache mno na wataalamu wengi walizitilia shaka. Kuziona kwa macho hakukutosha. Ilimbidi kwa miaka mingi azitenge, azihesabu na kuzilinganisha na nyingine, mpaka kazi yake ikaonekana: hukamata vipande vya mvamizi na kuvipeleka kwa seli T, ili zimjue adui na kumshambulia.

Mwaka 2007 Steinman akapatikana na saratani ya kongosho, ambayo huwaua wengi ndani ya mwaka mmoja. Pamoja na tiba ya kemikali, alipokea chanjo za majaribio zilizotengenezwa kwa seli dendriti zake mwenyewe. Aliishi miaka minne na nusu. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Siku tatu baadaye kamati ya Nobel, isiyo na habari za msiba, ikatangaza kuwa ameshinda. Kanuni haziruhusu kumtuza marehemu, lakini tuzo iliachwa kwake kwa kuwa uamuzi ulifanywa kwa nia njema.

Je, ni chanjo zilizomwongezea miaka? Haiwezekani kusema. Alitumia tiba kadhaa kwa pamoja, na hakuna Steinman wa pili, asiyechanjwa, wa kumlinganisha naye.

Mtu atasema alijipendelea, kwani wagonjwa wengine hawana marafiki wenye maabara. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, yeye kufa mapema kusingempa mgonjwa mwingine hata siku moja. Mfa maji hukamata maji, na hakuna anayemdai athibitishe kwanza kwamba maji yanashikika. Mgonjwa ana haki ya kutumaini bila ushahidi.

Haki hiyo inakoma pale tumaini lake linapotolewa kwa mwingine kama dawa iliyothibitika. Kwetu, mtu akiugua, shuhuda humfikia kwa WhatsApp kabla ya majibu ya maabara. Fulani alikunywa mizizi hii akapona. Wanaozituma wana upendo wa kweli, na baadhi yao wanasema kweli tupu. Lakini anayezipokea anaweza kuacha dozi yake, au kuuza shamba.

Akipona shangazi, tumshangilie shangazi. Tukiulizwa kuhusu dawa, tuseme wazi kwamba aliyepona ni mmoja.